Baba alipanga raha zake

Waliomjua baba watakuambia alikuwa mtu wa raha, na hawatakuwa wamekosea. Siku ya mazishi yake kule Asembo, kila aliyeshika kipaza sauti alianza kwa kuchekesha watu: alivyowapandisha maharusi kwenye mtumbwi wakiwa na nguo zao za kanisani, alivyokuwa akipanda feri bila kuwa na mahali anapokwenda, alivyoamsha watoto usiku wa manane akawaambia wavae viatu na wasimuulize kitu. Msemaji mmoja, mtu anayeheshimika kijijini, akamalizia kwamba mzee alipenda starehe na Mungu akamjalia maisha ya starehe. Watu wakapiga makofi. Mimi ni kifungua mimba wake, nilikuwa nimeketi mbele ubavuni mwa mama, na nilimwona mama akitikisa kichwa taratibu. Hakuwa anapinga, ni kwamba alijua mengi kuliko msemaji.

Hayo aliyoyajua mama ndiyo ninayotaka kuyaandika. Raha ya baba haikuokotwa njiani. Aliipanga, akaiwekea akiba, akaikagua jinsi alivyokagua injini kabla ya kuiwasha, na mara nyingi aliilipia kwa kujinyima kimya kimya. Sisi tuliokula matunda tulidhani mti umejiotea wenyewe.

Baba alizaliwa Asembo, upande wa Rarieda, mahali ambapo upepo ukigeuka unasikia harufu ya omena walioanikwa ufuoni. Mwaka 1969, akiwa na miaka 21, aliandikwa kazi kwenye meli za reli ya Afrika Mashariki, bandari ya Kisumu. Kazi yenyewe ilikuwa ya kupaka grisi na kupangusa mafuta katika chumba cha injini cha MV Victoria. Meli ile ilijengwa Scotland, ikasafirishwa vipande vipande, ikaunganishwa papo hapo Kisumu na kuanza kubeba abiria mwaka 1961. Ilikuwa ikizunguka Ziwa Victoria zima: Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell, kisha nyumbani. Kijana ambaye hata Nakuru alikuwa hajafika akajikuta anakula ndizi za Bukoba wiki hii, na wiki ijayo anasalimiana na makuli wa Port Bell kwa majina. Alikuwa akituambia kwamba chumba cha injini hakina dirisha, kwa hiyo kila zamu yake ilipokwisha alipanda mbio hadi sitahani kuona wamefika wapi, hata kama ni saa tisa ya usiku na hakuna cha kuonekana ila taa za wavuvi.

Sisi tulilelewa kwenye nyumba za reli, zile zilizoitwa landhi. Jirani wa upande huu alikuwa Mkamba, wa upande ule Mnubi, na mama yangu mwenyewe ni Mmaragoli wa Vihiga. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, na ndiyo sababu baba akinijia moyoni leo huwa anaongea Kiswahili, kile chake cha melini kilichochanganya Mwanza na Kampala, huku akiniita "nyara", yaani binti yangu kwa Kijaluo, pale tu alipotaka nimsikilize sana.

Mwanzoni mwa 1977 alikuwa nyumbani kwa likizo wakati mambo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yalipoharibika. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Mali ya Jumuiya ikagawanywa, na Victoria ikaangukia Tanzania. Kwa wanasiasa hilo lilikuwa jambo la mikataba. Kwa baba, jozi yake ya viatu vyeusi vya ngozi ilibaki chini ya kitanda ndani ya meli, na meli haikurudi. Nimekua nikisikia habari za viatu hivyo. Ukimwambia amechakaa, atajibu kwamba viatu vyake vizuri viko Mwanza. Akialikwa harusi, ataomba radhi kwamba viatu viko Mwanza. Wajukuu walipozaliwa wakarithi hadithi, na mmoja wao alipokuwa mdogo aliamini kabisa Mwanza ni jina la kabati.

Baada ya hapo akahamishiwa MV Uhuru, ile meli ya kuvusha mabehewa. Sitaha yake ina reli kama za nchi kavu. Garimoshi linasukuma mabehewa kutoka gatini yanaingia moja kwa moja, yapatayo 20, na yakifika Port Bell yanavutwa nje yanaendelea na safari. Nilipokuwa na miaka minane baba alinichukua nikaone yakipakiwa. Akaninong'oneza nitazame jinsi wanavyopishanisha, behewa upande huu kisha upande ule, kwa sababu wakijaza upande mmoja kwanza meli italala. Tangu siku hiyo sijui kupanga mzigo kwenye gari, wala hata sahani kwenye sinia, bila kufikiria Uhuru.

Nyumbani kwetu kuliendeshwa kwa zamu. Kuosha vyombo ilikuwa zamu ya injini, kuchota maji zamu ya sitaha, na kumbembeleza mtoto mdogo alale ilikuwa zamu ya nahodha, kwa hiyo kila mtu aliigombea. Jumapili asubuhi alisimama mlangoni pa jikoni, gazeti amelikunja kama bomba mdomoni, akatangaza: "Abiria mnaoshukia Musoma, chai iko tayari. Wanaoendelea hadi Bukoba wavumilie mandazi." Sisi sote tulitaka kwenda Bukoba. Mama alikuwa akisema kelele zile zilimchosha, lakini nilimsikia mara nyingi akimwuliza kwa sauti ya upole kabisa kama meli itachelewa leo.

Sasa kuogelea. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona ndipo alipokuwa mkubwa kuliko sisi wote.

Watu wengi wa Kisumu hawajui kuogelea. Tunaishi na ziwa mlangoni, tunakula ngege na mbuta wake, tunapiga picha machweo yake, lakini ukimtia mmoja wetu majini anazama. Hata wavuvi wengi ni hivyo hivyo. Si uvivu. Wazazi wana sababu zao: kuna viboko, kuna mamba, kuna kichocho. Baba hakuzidharau sababu hizo. Alizichukua moja moja akaitafutia kila moja dawa yake.

Kiboko hula nchi kavu usiku na mchana hupumzika kwenye maji ya kina kifupi karibu na mafunjo. Basi hatukukaribia mafunjo, na hatukutoka kabla jua halijapanda vizuri. Kichocho huletwa na konokono wanaoishi pembeni, penye maji yaliyotulia na majani. Basi hatukuoga pembeni. Alitupakia kwenye mtumbwi wa ami yetu, akapiga kasia hadi mahali ufuo umekuwa mstari tu na maji yako wazi, na huko ndiko alikotufundishia. Halafu kila mwaka alitupanga mstari zahanati tukameza dawa ya kichocho hata kama hatuna dalili yoyote. Vile vidonge vikubwa vichungu navikumbuka mpaka leo. Alimeza vyake kwanza, mbele yetu, akajilamba midomo.

Kamba ndiyo ninayoiona waziwazi zaidi. Ilikuwa ya katani, na kwa kuwa katani inachuna ngozi, sehemu inayozunguka kiuno alikuwa ameishonea kitambaa cha shuka kuukuu, chenye maua ya samawati. Alikufunga mwenyewe, akapitisha vidole viwili kati ya kamba na tumbo kuhakikisha unapumua, kisha akakupa dumu la lita tano, tupu, limefungwa kifuniko barabara. Unalikumbatia, unashuka. Yeye ameshika ncha ya pili, ameizungusha mara moja kwenye kiganja. Maji ya katikati ya ziwa ni baridi kuliko unavyodhani na rangi yake ni ya kijani nzito. Huoni miguu yako. Ukianza kupapatika hakupiga kelele. Alisema tu, "Lala. Kitanda kiko chini yako." Alisema hivyo hivyo, kwa sauti ile ile, mpaka shingo ikalegea, masikio yakaingia majini na ukasikia kile kimya chenye mvumo. Siku chache baadaye dumu likaondolewa. Baadaye kamba ikawa inaning'inia bila kuvutwa. Kisha asubuhi moja nikageuka nikaona ameiweka miguuni, amekunja mikono, ananitazama.

Shangazi yetu hakufurahia hata kidogo kwamba wasichana nao wanafundishwa. Alimuuliza mbele ya watu, "Msichana akijua kuogelea aende wapi?" Baba akamjibu kwa adabu, "Aende nyumbani, dada, siku mtumbwi ukipinduka." Mjadala ukaishia hapo. Wadogo zangu wa kike wote wanaogelea, na watoto wao pia.

Mama hakuingia majini. Kazi yake ilikuwa kuketi ufuoni na leso kichwani na kuhesabu vichwa. Alihesabu tulipotoka, akahesabu tukiwa mbali kama nukta, akahesabu tuliporudi. Baba hakuusogeza mtumbwi kabla mama hajainua mkono kuonyesha kwamba hesabu imetimia.

Kuhusu safari, wafanyakazi wa reli walikuwa na pasi, na baba aliitumia pasi yake mpaka kingo zikalainika. Tulitoka Kisumu jioni kwa treni, tukapita Miwani, Chemelil na Muhoroni katika ile harufu tamu ya viwanda vya sukari, kisha treni ikaanza kupanda. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari; Mau Summit ni zaidi ya 2,500. Usiku huo wote unapanda. Baridi ya Londiani ilituingia hadi kwenye mifupa tukajibanza chini ya blanketi moja, na sisi tulitaka kulala, lakini baba alituamsha kileleni makusudi tusikilize. "Sikieni, sasa injini inapumua." Kweli, mlio ulibadilika: ule wa kukokota ukaisha, magurudumu yakawa mepesi, tukateremka kuelekea Molo na Njoro mpaka Nakuru. Alijivunia sana kwamba reli hii tangu mwanzo ilikuwa inatafuta maji. Ilianzia baharini Mombasa kwa ajili ya kufika ziwani, ikafika mwaka 1901, na mji wetu ukaitwa Port Florence kabla ya kurudishiwa jina lake. "Walilaza vyuma nchi nzima ili wafike kwetu," alikuwa akisema, kana kwamba ni yeye aliyewakaribisha.

Mombasa yenyewe, kitu alichokipenda kuliko ngome na fukwe zote kilikuwa feri ya Likoni. Anayevuka kwa miguu halipi. Baba alipoligundua hilo, mchana mzima tulikuwa kwenye feri, tunavuka, tunashuka, tunapanda tena, tunavuka. Mama alisinzia kwenye benchi. Baba alisogea kila mara pale sakafu inapotetemeka zaidi, akasimama juu ya injini, akafumba macho. Jioni alituteremsha majini tukachovya kidole na kuonja. Mdogo wangu alitema, akalia, akasema bahari imeharibika. Alituambia tunawe uso hata hivyo, maana hiyo ilikuwa desturi yake: ukifika kwenye maji usiyoyajua, nawa uso na uoshe miguu, uwe umesalimia. Tulisalimia Naivasha, tukasalimia Baringo pale Kampi ya Samaki, tukasalimia mto Nzoia chini ya maporomoko ya Webuye. Ziwa Nakuru tu hatukuligusa, kwa kuwa liko ndani ya hifadhi na sheria hairuhusu, na baba alikuwa mtu wa kufuata kanuni. Alilisalimia kwa kofia.

Wengi wasiomjua kwa karibu hawakuuona upande huo wa kanuni. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia wakafa. Baba alijua njia ile kwa moyo. Alijua gati walilotoka na lile ambalo hawakulifikia. Alikaa na redio siku nzima, akitafuta Radio Tanzania kati ya mikwaruzo, na hakuna aliyemtania. Kuna watu aliofanya nao kazi ambao hakujua kama walikuwa ndani.

Tangu hapo hakuna chombo alichokipanda bila kuhesabu. Wakati mmoja, wajukuu wakiwa wameanza kuwa wakubwa, tulikuwa Mbita tunaelekea kisiwa cha Mfangano kwa boti. Watoto walikuwa wameketi tayari, biskuti zimefunguliwa. Baba akatembeza macho, akahesabu watu, akahesabu jaketi za kuokolea, akatazama jinsi maji yalivyokuwa karibu na ukingo, kisha akasema tushuke. Manamba akamrushia maneno makali kwamba mzee anachelewesha watu. Abiria wengine wakacheka. Watoto wakalia. Baba alimpokea kila mtoto kwa mikono miwili, mmoja baada ya mwingine, akamwomba mwenye boti msamaha kwa usumbufu, nasi tukalala Mbita usiku ule. Boti ile ilifika Mfangano salama. Alipopata habari kesho yake alishukuru kwa dhati, na hakuna siku aliyoonyesha kujuta kuiacha.

Kwa wajukuu alikuwa Babu Meli. Wale wa kaka yangu walimwita Kwaro, yaani babu kwa Kijaluo, lakini mbele ya wenzao ilikuwa Babu Meli. Alikuwa na bisibisi yenye mpini wa mbao ambayo aliiweka mfuko wa shati, na kabla ya kupanda boti yoyote aliomba ruhusa, akaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, akasikiliza. Kisha akampa mjukuu naye asikilize. "Umesikia hako kakikohozi? Hiyo ni pua ya mafuta, inataka kusafishwa." Nahodha wengi wa Dunga, ufuo wa wavuvi pale Kisumu, walimzoea, na wengine wakawa wanamwita wenyewe kabla hawajamwita fundi wa kulipwa.

Aliwavusha kwa feri kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita mara zisizohesabika, akawapeleka kisiwa cha Rusinga kwenye kaburi la Tom Mboya, yule waziri aliyeuawa, akawaeleza jinsi kijana wa kisiwa kile alivyofika mbali na jinsi taifa lilivyolia Julai 1969, mwaka ule ule yeye alipoanza kazi. Aliwapeleka Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay, kile kiziwa cha mviringo chenye maji ya magadi, wakawaona heroe, na akawasimulia habari za bikizee aliyenyimwa pa kulala na kijiji kilichokuwa katika sherehe, kijiji kikamezwa na maji. Aliigiza sauti zote: ya bikizee, ya walevi, ya yule mwanamke mmoja aliyemkaribisha akanusurika. Binti yangu, akiwa na miaka sita, alirudi nyumbani akaanza kuwapa maji wageni wote, hata msomaji wa mita.

Desemba 2021 treni ya abiria ya Kisumu iliporudishwa baada ya miaka mingi, baba alikuwa na miaka 73 na alikuwa kituoni mapema kuliko wauza njugu. Aliwaamsha wajukuu Mau Summit, bila shaka.

Lakini nimwandike pia mwaka 2020, kwa sababu ndio mwaka ambao hakuchekesha mtu. Korona ilikuwa imetufungia, na ziwa likapanda kufikia kimo ambacho wazee walikikumbuka tu kutoka mafuriko ya miaka ya sitini mwanzoni. Kule Dunga maji yalimeza vibanda. Asembo yaliingia mashambani, mahindi yakasimama majini. Baba alikuwa kijana mdogo mafuriko yale ya kwanza yalipotokea, na aliona boma la baba yake likihamishwa. Safari hii alichomeka fimbo ufuoni, akaichora alama kwa kisu, akaiangalia kila asubuhi. Alipoona alama ya tatu imezama hakusubiri mkutano wa chifu. Alichukua mtumbwi akaanza kuhamisha magodoro, kuku, mitungi ya mahindi, vitabu vya shule na mama mmoja mjane ambaye hakutaka kuondoka bila mlango wa nyumba yake. Wakaung'oa mlango, wakaulaza katikati ya mtumbwi ili usiyumbe, wakaenda nao. Alikuwa na miaka 72. Aliyapenda maji maisha yake yote na hakuwahi kuyasingizia wema.

Ugonjwa sitauandika sana. Ilikuwa sukari, na ilimshika miguu. Vijana wa Dunga walikuwa wakimbeba kwenye kiti mpaka kwenye ile njia ya mbao inayopita juu ya mafunjo, akakaa hapo akitaja majina ya boti kwa mlio wake kabla hazijaonekana. Alifariki mwaka jana, asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Siku za matanga zilipokwisha na watu wakatawanyika, mama alituita sisi watoto wake jikoni. Akatuonyesha makopo ya Kimbo, yale ya zamani ya bati, yenye mfuniko uliotobolewa tundu la sarafu. Kila kopo lilikuwa la safari moja. "Mnadhani Mombasa ilitoka wapi?" akatuuliza. "Ilitoka kwenye chakula chake cha mchana." Kumbe kwa miezi kabla ya kila safari baba alikuwa akishinda na njugu na maji, na pesa ya chakula inaingia kwenye kopo. Kumbe alikuwa akitembea kwa miguu kurudi kutoka bandarini ili nauli ibaki.

Kisha mama akasema jambo ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa akilijua. Baba hakuwahi kutupeleka mahali ambapo hakuwa ametangulia peke yake. Zile safari za ghafla, zile za kuamshwa saa kumi usiku na kuambiwa vaa viatu, kila moja alikuwa ameshaikanyaga. Kabla ya Baringo alituaga kwamba ana zamu mbili mfululizo. Alikuwa Kampi ya Samaki, akiuliza ni boti gani haivuji, zahanati iko wapi, choo kikoje, mamba wanapenda upande gani, na gari la mwisho la kurudi linaondoka saa ngapi. Mtoto gani hutapika garini na akae dirisha gani, alikuwa amelipanga na mama usiku, kwa kunong'ona, sisi tukiwa tumelala. Asubuhi yake alijifanya wazo limemjia sasa hivi. Alitaka tupate furaha bila kuona jasho lake, na akafanikiwa kiasi kwamba mbele ya jeneza lake mtu mwema na mkweli aliweza kusimama na kusema mzee alipenda starehe.

Namwambia msemaji yule, kwa heshima zote: alifanya kazi, baba mdogo. Alifanya kazi hadi mwisho, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa sisi kucheka.

Kopo la mwisho halikuwa limefunguliwa. Baba alikuwa amepata habari mwaka 2020 kwamba Victoria imekarabatiwa na kurudi majini kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, inakwenda Mwanza hadi Bukoba. Meli ile ile aliyoipaka grisi akiwa na miaka 21. Alitaka kuwapandisha wajukuu wote, na awaonyeshe ngazi aliyokuwa akiipanda mbio zamu ikiisha. Ndani ya kopo kulikuwa na noti zilizokunjwa na karatasi yenye mwandiko wake wa herufi kubwa: basi hadi Isebania, kuvuka mpaka, Musoma, Mwanza kulala, kisha meli ya usiku. Chini yake ameandika: ULIZA JAKETI ZA WATOTO.

Tumekubaliana itakuwa Desemba, shule zikifungwa. Watoto hawajaambiwa. Mimi natangulia mwezi ujao, peke yangu. Nyumbani wanajua naenda mkutano wa kikazi. Nitaangalia jaketi za ukubwa wa mtoto wa miaka minne zipo ngapi, hospitali ya karibu na bandari, vyoo, na ni upande gani wa meli unaopata upepo mdogo usiku, kwa kuwa mama naye anakuja. Amesema hataki chumba cha kulala. Anataka benchi mahali anapoweza kuwaona wote, ahesabu.